Kioo kwa Mkubwa, Kibodi kwa Mdogo

Benchi lililo mbele ya duka la kinyozi si la kinyozi, na ukiliita hivyo utaambiwa ukae chini ufundishwe. Lilitengenezwa na marehemu Fundi, seremala wa karakana iliyo ng'ambo ya barabara, ili wateja wapate pa kungojea zamu zao za kunyolewa. Hajaonekana mteja aliyewahi kulikalia. Wenye benchi wapo. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye akishika mashine husema methali, na akiiweka chini husema methali zaidi, zote za kweli na hata moja haiko mahali pake. Kuna Dishi, mpandishaji wa madishi ya televisheni, aliyekaa juu ya mapaa ya watu mpaka akaamini kwamba kila kinachopita hewani kinaanza kwake. Na kwenye kona ya kulia yuko Refa. Pembeni, juu ya kigoda, yuko Bi Birika na kahawa yake. Huyo ndiye peke yake anayefanya kazi pale, na ndiye peke yake asiyeulizwa maoni.

Refa alilipata jina lake kihalali. Enzi za nguvu zake alichezesha mechi zote za uwanja wa shule, na filimbi yake ingali mfukoni mwa shati mpaka leo, ingawa magoti yalishastaafu. Watu walimtukana kutoka pande zote mbili za uwanja, "Refa kipofu! Refa huoni!", naye hakuwahi kugeuza shingo, kwa kuwa moyoni alijua ameona. Siku hizi anaamua kesi za mtaa: uzio umesogezwa, kuku ametaga kwa jirani, mpangaji anafungulia redio kama yuko peke yake duniani. Ana sheria moja tu: uamuzi wa refa haurudi nyuma. Na sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Maana Fundi alipofariki aliacha watoto watatu, wote akiwa amewapa majina ya utani kutoka kwenye sanduku lake la vyombo. Wa kwanza Randa, anayefuata Msumari, na kitinda mimba ni binti, Rula. Msiba ulipotulia, Randa na Msumari walimwita Refa nyumbani aje awagawie vitu vya baba yao. Chai ikanywewa. Misumeno ikaenda huku, nyundo zikaenda kule, hapakuwa na neno. Neno likaja kwenye tableti. Ilikuwa ile ya kisasa ya kubanduka: ukiipachika kibodi ni kompyuta kamili, ukiibandua unabaki na kioo unachokibeba mkononi kama sinia. Fundi aliinunua uzeeni, na michoro yote ya vitanda na makabati ilikuwa humo. Kila ndugu aliitaka. Refa akaishika, akavuta, ikaachana vipande viwili.

– Mmeona? – akasema. – Aliyeitengeneza alishagawa. Kioo kwa mkubwa, kibodi kwa mdogo. Mechi imekwisha.

Mtaa ulimsifu kwa hekima hiyo, na yeye hakukataa sifa.

Sasa asubuhi hii Refa alikuwa hajamaliza kikombe cha kwanza alipomwona Randa anakuja kutoka upande wa sokoni, amekumbatia kitu kilichofungwa taulo. Alipogeuka upande wa pili akamwona Msumari, kibodi kwapani. Tangu ule mgawo ndugu hawa walikuwa hawasalimiani, na karakana ilikuwa imefungwa kufuli. Refa alikishika kikombe chake kwa mikono yote miwili.

– Shikamoo, Refa, – Randa akasema, akakilaza kioo juu ya benchi. – Kimekufa.

– Marahaba. Nani amekufa?

– Kioo. Hakiwaki. Na mwenye nyumba ya wageni anakuja leo mchana kuona michoro ya vitanda vyake na makabati. Asipoiona anampa kazi seremala mwingine. Ameshasema. Na ile kazi ikiondoka, Refa, karakana ya Baba ndiyo basi.

– Shikamoo, – Msumari naye akasema, bila kumtazama kaka yake. – Na mimi kibodi yangu naibonyeza mpaka vidole vinaota sugu. Haiandiki kitu.

– Marahaba. Uliibonyeza ukitazama wapi?

– Ukutani.

Dishi aliweka kikombe chini. Alikuwa ameingoja siku kama hii maisha yake yote.

– Hebu sogeeni, – akasema. – Hii ni kesi nyepesi. Kwenye vitu vya kisasa, akili inakaa kwenye kioo, na nguvu inakaa kwenye kibodi. Kioo kimekosa nguvu. Kibodi imekosa akili. Basi.

– Kwa hiyo nguvu anazo huyu! – Randa akapaza sauti, kidole kwa mdogo wake. – Nilijua! Amekaa na nguvu zangu chumbani kwake!

– Na akili zangu je? – Msumari akajibu. – Nani amekaa nazo?

– Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, – akasema Kinyozi.

– Hapo nani ameshiba? – Refa akamuuliza.

– Kibodi.

Bi Birika alikuwa anasuuza vikombe kwenye ndoo. Hakuinua kichwa.

– Mmemuuliza Rula? – akasema.

– Bi Birika, ongeza kahawa, – akasema Dishi. – Hapa tunazungumza mambo ya mashine.

Refa aliisikia sauti ya yule mama lakini ilimpita kama ipitavyo honi ya gari lisilo lako. Akili yake yote ilikuwa kwenye kile kioo cheusi. Kisipowaka, watu watasema Refa ndiye aliyeiua karakana ya Fundi, na watasema hivyo wakiwa wamekaa juu ya benchi la Fundi. Alikiona kile kifaa kinamkodolea macho, akakikodolea na yeye.

– Mimi nitawaambia ukweli, – akasema. – Hivi vitu vya siku hizi havina adabu. Redio ya zamani ilikuwa na kitufe: washa, zima. Ulikuwa unajua mkubwa ni nani. Leo simu inakwambia, "Subiri, najiboresha." Unajiboresha kwa ruhusa ya nani? Mwanangu ameniletea saa ya mkononi, nimekaa zangu hapa natafakari, inanitikisa mkono: simama, tembea. Mimi! Nimekimbia uwanja mzima miaka yote ile, leo saa inanituma!

– Ulifanyaje?

– Nimeifungia kabatini. Itembee yenyewe.

Benchi likacheka, hata Msumari. Randa alitaka kucheka, akakumbuka amekasirika.

– Na hawa wenye viwanda ni wajanja, – Dishi akaendelea. – Zamani simu ilikuwa na tundu la chaja, tundu la spika za masikioni, mfuniko wa betri. Wameziba tundu moja moja. Spika za masikioni wakazikata waya, sasa zinapotea, tena inapotea moja, nyingine inabaki inakusimanga. Kwa nini? Ili ununue mbili! Na hii tableti ni vilevile. Wameifanya vipande viwili makusudi. Wanajua familia za watu. Wanajua ndugu watagombana, kila mmoja atakwenda na chake, halafu kila mmoja atanunua kilichobaki. Tableti moja, mauzo matatu!

– Haba na haba hujaza kibaba, – akasema Kinyozi.

– Hiyo nayo imeingiaje?

– Kibaba cha wenye viwanda.

– Hiyo imekaribia, – Refa akakiri, akashangaa mwenyewe.

Randa hakuwa na muda wa vibaba. Jua lilikuwa linapanda, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimgeuza shingo, akidhani ni mwenye nyumba ya wageni.

– Jamani, tuvipachike tuone, – akasema. – Tuvipachike tu, dakika moja.

– Aka! – Msumari akaikumbatia kibodi. – Nikikupa, utaondoka na vyote. Kifaa kikishapachikana ni cha mkubwa, nakujua. Na tena kupachika ni kuvunja uamuzi wa Refa.

Wote wakamtazama Refa. Hapo alibanwa. Vikipachikwa, ni kweli, mtaa utasema uamuzi umerudi nyuma. Visipopachikwa, mteja anakuja. Aliipapasa filimbi yake kupitia kitambaa cha shati.

– Kuna mechi ya kombe, – akasema baada ya kufikiri, – na kuna mechi ya kirafiki. Hii tutapachika kirafiki. Matokeo hayahesabiwi.

– Akili hizo! – akasema Dishi.

Msumari akaisogeza kibodi, akiishikilia kwa kidole upande mmoja. Randa akakisogeza kioo, akikishikilia upande wake. Vikanasana, tap. Watu watano wakainama juu ya benchi. Kwa wapita njia ilionekana kama kuna mtu ameanguka.

Cheusi vilevile.

– Kiguse, – akasema Kinyozi.

Dishi akakigusa kwa kidole cha shahada.

– Siyo hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Weka vyote!

Dishi akaweka vidole vyote kumi, kama mpiga kinanda. Kioo kikapata alama za vidole, basi.

– Basi kimechoka kwa njaa, – akasema Dishi. – Kinataka chaji tu. Ngojeni. – Akakimbilia mkoba wake wa kazi, akarudi na chaja za kila namna, zenye midomo mipana, midomo myembamba na mmoja uliovunjika jino. Akakigeuza kile kifaa juu, chini, ubavuni. Akakigeuza tena. Rangi ikamtoka.

– Hakina tundu.

– Una maana gani hakina tundu?

– Nimezunguka chote. Kina vitufe, kina matundu madogo ya sauti kama ya chujio. Tundu la chaja hakina. Jamani, kiumbe kisicho na mdomo kinakula nini?

Swali hilo liliwatisha. Refa alikichukua na kukikagua mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuamini mshika kibendera. Ubavuni kulikuwa na kijifereji kirefu chembamba chenye vidoti vya chuma, lakini hakuna waya wowote duniani ambao ungeingia mle.

– Kule kwenye karakana kilikuwa kinakula wapi? – akauliza.

Randa akamtazama Msumari kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Msumari akamtazama Randa.

– Mimi nilikuwa kwenye mbao, – akasema Randa. – Kununua, kupasua, kukausha. Huko ndani sikuwa nakaa.

– Mimi nilikuwa kwa wateja nafunga makabati, – akasema Msumari. – Nikirudi nakikuta tu kimesimama mezani kinawaka.

– Kila siku kinawaka?

– Kila siku.

– Mmemuuliza Rula? – akasema tena Bi Birika.

– Bi Birika, tafadhali, – akasema Refa, – usiingilie mchezo. Wewe uko nje ya mstari.

Bi Birika akainua birika, akalitikisa kidogo karibu na sikio kusikiliza kilichobaki, akalirudisha juu ya jiko.  Kikombe kilichofuata alikimimina nusu, na hakuna aliyegundua.

– Mimi ninajua tatizo, – akasema Kinyozi kwa sauti ya chini, akageuka kuangalia karakana iliyofungwa. – Kinaomboleza. Kimezoea kidole cha Fundi. Fundi ameondoka na kidole chake, nacho kimefumba macho.

– Mashine haiombolezi, – akasema Dishi. – Mashine inasikia. Hivi vitu vina masikio, mnajua? Ukisema "kitanda" mbele ya simu, kesho inakuletea matangazo ya magodoro. Sasa hiki kilikuwa pale mezani mnagombana. "Changu!" "Changu!" Kikasikia. Kikajifunga. Na huko kilikotengenezwa kimeshapeleka taarifa: familia hii ina ugomvi, msiifungulie mpaka wapatane. Kuna mtu saa hizi amekaa kwenye ofisi yenye baridi anatuangalia hapa benchini.

Kinyozi akajiweka sawa kola.

– Kupitia wapi?

– Kupitia kale kajicho hapo juu.

Msumari akakafunika kale kajicho kwa kidole gumba. Dishi, kwa kuwa alikuwa ameshafika mbali na hakuona sababu ya kurudi, akaeleza kwamba vipande hivi viwili huitana hewani usiku kucha, na kwamba yeye mwenyewe akiwa juu ya paa fulani aliwahi kusikia mlio kama wa kilio kutoka kwenye dishi, na leo ndipo ameelewa ulikuwa wa nani. Kinyozi akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akionyesha kile kiguu cha nyuma kinachokisimamisha kioo. Refa aliwaacha waseme. Ndani yake hasira ilikuwa inapanda polepole, na ilipofika kooni akasimama.

– Hakiombolezi na hakisikilizi! – akasema. – Kimegoma! Mnanielewa? Kifaa hiki kinapinga uamuzi wangu. Nilikigawa mbele ya mashahidi, kikanyamaza. Kwa nini hakikusema siku ile? Leo ndiyo kinakata rufaa! Sasa nisikilizeni. Wazee wazima walinirushia maganda ya machungwa, sikubadilisha. Timu iliondoka uwanjani, sikubadilisha. Sijabadilishiwa uamuzi na binadamu, nitabadilishiwa na kioo?

– Hapo sasa! – akasema Dishi.

– Hata kikikaa kimya mpaka kiyama. Kioo ni cha Randa, kibodi ni ya Msumari, na mimi ni Refa!

Akapuliza filimbi. Haikuwa imepulizwa kwa muda mrefu, ikatoa mlio wa kupasuka, na mbwa wa duka la pili akabweka. Refa alijisikia vizuri sana. Kisha akaona kwamba watu hawamtazami yeye. Walikuwa wanatazama nyuma yake.

Rula alikuwa amesimama pale, mkoba wa kitambaa begani, penseli imechomekwa kwenye nywele kama alivyozoea. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba kama baba yake, na aliangalia vitu kwa jicho moja kana kwamba anapima kama vimenyooka. Alisalimia wote, shikamoo kwa waliostahili, akaitikiwa kwa haraka haraka. Kisha akaangalia benchi.

– Hiki mmekifanya nini? Kimejaa mafuta ya vidole.

– Dada, kimekufa, – akasema Msumari.

– Hakina mdomo, – akaongeza Dishi, kwa heshima ya mtu anayetoa habari za msiba.

 Rula alitoa mkobani waya mweusi uliokunjwa vizuri, wenye kichwa bapa kama cha kijiko cha chai. Akaingia dukani kwa Kinyozi bila kuomba ruhusa, akachomoa mashine ya kunyolea kwenye soketi, akachomeka wake, akautoa waya mpaka nje kupitia dirishani. Kile kichwa bapa akakisogeza kwenye ubavu wa kioo. Kikarukia chenyewe kwa sumaku na kunasa kwenye vile vidoti vya chuma. Taa ndogo nyeupe ikawaka.

– Lo! – akasema Dishi. – Kinakulia ubavuni!

Wakangoja. Kioo kikaangaza. Na pale, katikati, kikatokea kitanda. Kilikuwa kitanda cha nyumba ya wageni, kimechorwa kwa mistari miembamba, mbele, ubavu na juu, na kila kiungo kimeandikiwa kipimo chake. Rula akasogeza kidole, likaja kabati. Akasogeza tena, likaja kabati jingine la kona, milango yake imechorwa ikiwa wazi.

– Michoro ya Baba! – Randa akasema, na macho yakamlowa mbele za watu bila kuona aibu. – Alhamdulillahi, michoro ya Baba ipo!

– Ya Baba? – akasema Rula.

Alisema taratibu tu, lakini Bi Birika aliacha kusuuza vikombe.

– Kaka, Baba macho yake yalishaisha muda mrefu. Mlikuwa hamjui? Alikuwa hatofautishi penseli na msumari. Yeye alikuwa anakaa pembeni yangu anasema, "Hapo mguu uwe mnene, mgeni mnene akija usivunjike," na mimi nachora. Kila mchoro ulioko humu ni wa mkono huu. Mnadhani nilikuwa nakwenda karakana kufagia?

Hakuna aliyesema alidhani hivyo, na ndivyo walivyokuwa wamedhani.

– Sasa yameisha, – Randa akasema kwa harakaharaka. – Vizuri sana, dada yangu. Tuachie hiyo chaja, mteja akija tumwonyeshe.

Rula akakivuta kile kichwa bapa kutoka ubavuni, akaingia ndani, akaurudisha waya wote, akaukunja, akautia mkobani. Hata mashine ya kunyolea aliichomeka tena mahali pake. Kioo kilikuwa kimepata funda moja tu la umeme. Kabati la kona lilibaki pale likiwaka hafifu.

– Refa, – akasema. – Nimesikia tangu mbali kwamba uamuzi wako haurudi nyuma.

– Haurudi, – akasema Refa. Bado alikuwa amesimama, filimbi mkononi.

– Sikuja kuurudisha. Nina swali moja, nikijibiwa sawa, nisipojibiwa nakwenda. Siku ile mnagawa, mlikunywa chai. Nani aliwaletea?

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote yaliyoulizwa pale asubuhi hiyo. Randa alilikunja taulo lake, akalikunjua. Msumari aliinama akaanza kuhesabu vitufe vya kibodi. Dishi, ambaye ana jibu la kila kinachopita hewani, aliangalia viatu vyake. Watu wakamgeukia Kinyozi, kwa kuwa penye kimya yeye huwa na neno la wahenga. Kinyozi akatafuta, akatafuta, akakosa.

Na Refa aliikumbuka ile chai. Alikumbuka ilivyokuwa tamu, na kwamba alirudia. Alikumbuka sinia likishuka mbele yake, mkono ukimwekea kikombe, kisha mkono uleule ukiondoa kikombe kitupu na kuleta kingine. Mkono aliukumbuka mpaka kucha. Alijaribu kupanda kutoka kwenye mkono ule mpaka kwenye uso, na uso haukuwepo. Hakuwa amenyanyua macho. Mtoto wa tatu wa Fundi alisimama mbele yake mara mbili, karibu kuliko mshambuliaji yeyote aliyewahi kumlalamikia, naye akagawa urithi kwa wawili.

Juu ya benchi kioo kikazima.

– Haya, – akasema Rula. – Mimi nakwenda kufungua karakana. Mteja anakuja.

– Utamwonyesha nini? – Randa akauliza. – Kioo ninacho mimi.

– Kaa nacho. Na huyo akae na kibodi yake. Nitamchorea ukutani kwa chaki, yeye akiwa amesimama anaona. Vitanda vyote, makabati yote, na lile la kona. Mnafikiri viko humo? – Akakigusa kioo kwa ncha ya penseli. – Viko humu. – Akairudisha penseli kwenye nywele zake.

– Na ufunguo ninao mimi, – akasema Randa, safari hii kwa sauti ya chini.

– Basi kufuli litakatwa. Msumeno wa chuma sikupewa, nimenunua.

Akavuka barabara. Hakuharakisha. Alifika mlangoni, akaweka mkoba chini, akatoa msumeno, akaegemeza goti kwenye ubao. Sauti ya msumeno ikaanza kuvuka barabara na kufika benchini, kuu, kaa, kuu, kaa, na iliwaingia watu kwenye meno.

Msumari ndiye aliyeondoka kwanza. Aliibandua kibodi yake, akaitia kwapani, akavuka bila kumuaga mtu. Alipofika akashika kufuli ili lisichezecheze, dada yake aweze kukata vizuri. Randa aliwatazama. Alitazama jua. Alijipapasa mfukoni.

– Kufuli langu jipya lile! – akasema, akaondoka mbio, ufunguo mkononi, na kioo akakisahau.

Refa akakaa. Alinyoosha kikombe chake kwa Bi Birika bila kumtazama, kama alivyofanya kila asubuhi ya Mungu. Kikombe kikabaki hewani. Alipogeuka, Bi Birika alikuwa amelifunika jiko, ameviweka vikombe ndani ya ndoo na kigoda juu ya kichwa.

– Imekwisha? – Refa akauliza.

– Ipo. Lakini kule kuna watu wanafanya kazi. – Akashika birika. – Na mimi swali lile nimelisikia, Refa. Nitakuja kulichukua jibu lake jioni.

Naye akavuka.

Wakabaki watatu na benchi. Dishi alianza kusema jambo kuhusu sumaku, kwamba sumaku zinavuta hata watu, angalieni wenyewe wote wamehamia kule, hakumaliza. Ng'ambo, mlango wa karakana uliguna, ukafunguka, na vumbi la mbao la siku nyingi likatoka likawaka juani. Rula aliingia wa kwanza.

Refa alikuwa anakiangalia kile kioo kilichoachwa pembeni yake. Kisha akakichukua, akaanza kukifuta alama za vidole kwa pindo la shati lake, taratibu, kona hadi kona, na kilipokuwa safi akasimama na kukibeba kwa mikono miwili kama sinia.

– We Refa! – Dishi akashtuka. – Unapeleka wapi? Si ulisema ni cha Randa? Uamuzi si haurudi nyuma?

– Uamuzi ni wa refa aliyeona, – akasema Refa. – Mimi sikumwona.

Alisema kwa sauti ya uwanjani, na fundi viatu wa jirani alisikia, na wapita njia walisikia. Akangoja kidogo ukingoni mwa barabara, kana kwamba anampa nafasi yeyote anayetaka kumtukana. Hakuna aliyemtukana, akavuka.